Oili Nzito ya Mzee Tela

Ndugu zangu, sogeeni karibu, hasa nyinyi wenye magari, na hasa zaidi nyinyi wenye waume wanaojua kila kitu. Habari hii haikutokea mbali. Imetokea katika nyumba ambayo asubuhi huwezi kuipita bila kupunguza mwendo, kwa sababu ya harufu ya keki inayotoka dirishani. Watoto wa shule huipita polepole kuliko wote, na wengine huipita mara mbili.

Ndani ya nyumba hiyo, mke amesimama mbele ya mizani ya jikoni anapima unga. Mtaa mzima unamwita Mama Keki. Ukimsemesha akiwa anapima, hakujibu. Anainua kidole kimoja bila kugeuka, nawe unajua kazi yako ni kunyamaza. Nje, mumewe ameshika kitambaa laini anafuta gari. Huyu ndiye Mzee Tela. Aliendesha malori yenye tela tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hata leo akikata kona kwa gari dogo huchukua barabara nzima, kama vile tela bado linamfuata nyuma.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya maziwa, mali ya Mama Keki. Alilinunua kwa jasho lake, keki baada ya keki. Viti vya nyuma alivilaza akabakiza kimoja, akatandika ubao, na juu ya ubao mkeka wa mpira ili masanduku yasiteleze. Kabla ya hapo keki zake zilisafiri kwenye teksi za watu, na mara nyingine zilifika zimeinama upande mmoja kama mtu anayesinzia mkutanini. Tangu lije gari, keki zilifika zimesimama, na jina la mwenyewe likaanza kuvuka mitaa.

Mzee Tela alilipenda gari hilo kupita kiasi, na ukitazama utaelewa kwa nini. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Jikoni alipigwa marufuku siku alipofungua oveni "kuchungulia kidogo" wakati keki inaumuka, ikabonyea yote. Likabaki gari. Yeye ndiye aliyeliendesha, aliyeliosha, aliyepima upepo wa matairi, na mkewe akitaka kupanda alimfungulia mlango kwa heshima zote. Wazee hawa walipendana, tuseme ukweli, na nyumba yao ilikuwa na raha.

Kilichokuja kuitikisa raha hiyo hakikuwa pombe wala nyumba ndogo. Zilikuwa sifa.

Sifa zilianzia kwa kinyozi wa kona. Kinyozi ana gari kuukuu ambalo wakati ule lilikuwa likitoa moshi wa bluu, mwingi kiasi kwamba likipita watu walifunga madirisha na kukimbilia kuanua nguo kambani. Mzee Tela akamwambia, "Injini yako inakula oili, kijana wangu. Weka oili nzito, ile tuliyokuwa tunaweka kwenye malori. Utanikumbuka." Kinyozi akaweka. Moshi ukapungua kweli, na injini ikatulia. Mtaa ukampigia Mzee Tela makofi, ukambandika jina la pili: Daktari.

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Injini ya kinyozi ilikuwa imechakaa. Vyuma vilivyotakiwa kukaribiana vilikuwa vimelika na kuachana, na oili nzito ikaziba zile nafasi. Ilikuwa fimbo ya kumshikilia mgonjwa asianguke, haikuwa uponyaji. Mzee Tela hakulisikia hilo. Alichosikia ni makofi, na makofi yalimwambia kwamba oili nzito ni nguvu kwa kila kitu chenye magurudumu.

Basi yakawa mahubiri. Kila alasiri alikaa kwenye benchi la kinyozi na kichupa cha oili ya malori. Alitia tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akavitenganisha polepole ili watu waione oili ikivutika katikati.

"Mnaona? Hii inashika. Inakumbatia chuma. Hizo oili zenu nyepesi za siku hizi ni maji ya kunawa."

Watu waliitikia kwa vichwa. Nani angebishana na mtu aliyevuka milima yote na tela mgongoni?

Aliyebishana alikuwa fundi. Huyu ndiye aliyekuwa akilihudumia gari la Mama Keki tangu liliponunuliwa, mtu wa vicheko, hawezi kumaliza sentensi bila kutia utani. Siku moja ya kubadilisha oili, Mzee Tela alisimama pembeni pale gereji, mikono nyuma, akatazama oili mpya ikiingia. Ilikuwa ya rangi ya asali, nyepesi, na ilishuka haraka.

"Fundi, hiyo ni oili au chai?"

"Ni oili yake, mzee. Waliotengeneza gari ndio walivyosema."

"Mimi nimepandisha milima na mzigo wa kuvunja madaraja. Chai kama hiyo ingenifikisha wapi?"

"Lakini hii si lori, mzee wangu. Hii inabeba keki. Ukiipa chakula cha lori itavimbiwa!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Fundi hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyo, angemtania hata mkwe wake. Lakini kicheko kile kilimchoma Mzee Tela mpaka ndani. Aliondoka pale anakula kiapo moyoni kwamba gari lile halitakanyaga tena gereji ya mtu yule.

Wakati wa kubadilisha oili ulipofika tena, Mama Keki alimpa ufunguo kama kawaida.

"Nisalimie fundi."

Mzee Tela akaitikia vizuri tu, akatoka, akaenda moja kwa moja uani kwa kinyozi. Huko alijilaza chini ya gari mwenyewe, akamwaga oili iliyokuwamo, kisha akamimina ile ya malori. Ilishuka kwa madaha, naye akaitazama kwa furaha ya mtu anayemlisha mjukuu. Sasa, kwenye kifuniko cha pale inapomiminwa oili, waliotengeneza gari walichapa kabisa namba ya oili inayolifaa, ili mtu asipate tabu. Mzee Tela alikipangusa kifuniko hicho kwa kitambaa chake mpaka kikang'aa. Kisha akakifunga, asisome.

Aliporudi nyumbani, mkewe alimuuliza kutoka jikoni, "Fundi anasemaje?"

"Anakusalimu," akajibu, akaenda kunawa mikono.

Mji ule uko mahali pa juu, na asubuhi zake ni za baridi. Oili nzito ikipigwa na baridi huzidi kuwa nzito. Asubuhi iliyofuata gari lilipopigwa stata liliguna, likajikokota, ndipo likawaka, na juu ya injini vikasikika vyuma vinagongana, ka-ka-ka, mpaka lilipopata moto. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Petroli ikaanza kwisha upesi. Kwenye mwinuko gari likawa linapanda kwa kulazimishwa.

Mama Keki si mtu wa magari, lakini masikio anayo.

"Baba watoto, mbona gari siku hizi inaguna?"

"Inazoea."

"Inazoea nini?"

"Inazoea... baridi."

"Miaka yote hii tunaishi hapa, ndiyo kwanza inaanza kuzoea baridi?"

Mzee Tela akakumbuka ghafla kwamba kuna bomba linavuja nje, akatoka.

Tumtendee haki. Hakuwa na nia ya kuharibu. Aliamini kabisa kwamba injini inajengeka misuli, na kwamba siku moja itanyamaza na yeye ataonekana mshindi. Lakini ndani yake, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, alikuwa ameanza kuogopa. Mtu aliyesikiliza injini maisha yake yote anajua sauti ya maumivu.

Kisha ikawaka taa. Ile ya njano yenye umbo la injini, katikati ya dashibodi, ambayo kila dereva akiiona moyo unamruka. Mzee Tela alizima gari, akawasha, taa ikawaka. Akaipiga dashibodi kofi la kirafiki; taa ikawaka. Na sasa oneni mtu mzima, mwenye wajukuu, anavyoweza kufanya. Badala ya kwenda kwa fundi, alichukua lebo moja ya duara kati ya zile ambazo mkewe hubandika kwenye masanduku ya keki, zenye maneno "Asante kwa kutuchagua", akaibandika juu ya taa.

"Hii imefikaje hapa?" Mama Keki aliuliza alipoiona.

"Nimeipamba gari kidogo. Ni matangazo."

"Unamtangazia nani humu ndani? Mimi?"

"Ah, mama watoto, na wewe!"

Mama Keki akacheka, yakaisha. Alikuwa na jambo kubwa zaidi kichwani. Kule kilimani kuna ukumbi wa sherehe, na mama mwenye ukumbi alikuwa anamwoza binti yake. Alikuwa amemwagiza keki ya ngazi tatu, akamwambia waziwazi, "Nikiridhika nayo, keki zote za ukumbi huu zitakuwa zako." Mama Keki alikuwa ameoka miaka mingi akiingoja siku ya kuambiwa maneno hayo. Na keki ya ngazi tatu haibebwi kwa pikipiki wala haishikwi mapajani. Inataka gari lake, ubao wake na mkeka wake wa mpira.

Siku ya harusi waliondoka jua likiwa limepanda vizuri. Mzee Tela alivaa shati lililopigwa pasi. Mama Keki alikaa nyuma kwenye kile kiti kimoja, mikono imeikinga keki bila kuigusa, maua ya krimu yakitikisika kidogo kila walipopita shimo. Njia ya tambarare ilikwenda salama. Walipoanza kilima, gari likapunguza mwendo.

"Polepole, baba watoto."

"Ndiyo hii polepole."

Gari likaanza kushtuka, likasonga, likashtuka tena. Mzee Tela alikanyaga mafuta, injini ikalalamika, nguvu zisije. Walikuwa bado hawajafika hata nusu ya kilima. Akalielekeza pembeni, na hapo likazima. Akapiga stata mara kadhaa, likakataa katakata.

Mama Keki akashuka taratibu, akazunguka mpaka dirisha la mbele. Lebo ilikuwa imeanza kubanduka pembeni kwa sababu ya joto, na chini yake paliangaza kitu cha njano. Akanyoosha mkono, akaibandua.

"Baba watoto, hii taa imewaka tangu lini?"

Mzee Tela akaangalia mbele kama vile barabara bado inakimbia.

"Juzijuzi tu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi alisema nini?"

Hapo angeweza kuongeza uongo mwingine, na ulikuwa tayari mdomoni. Angesema fundi kakosea, fundi kaweka oili mbovu, na mkewe angemwamini, na mtu asiye na hatia angebebeshwa mzigo. Lakini alimwona mkewe amesimama juani na aproni yake nyeupe, na uongo ule ukamkwama.

"Fundi hajaiona hii gari," akasema. "Oili niliweka mimi. Ile ya malori. Yeye alikuwa anaweka nyepesi, tukakosana, sikurudi tena."

"Na ile salamu yake?"

"Hakukusalimu."

Mama Keki akainua kidole kimoja.

"Kwanza keki," akasema. "Wewe nitakurudia."

Walimpigia simu kinyozi. Hakukaa, alikuja na lile gari lake kuukuu, na kwenye kiti cha mbele ameketi mteja wake akiwa na kitambaa cheupe shingoni, shavu moja limenyolewa, jingine bado lina ndevu.

"Ningemwacha peke yake angenikimbia bila kulipa," kinyozi akaeleza.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya keki," mteja akasema. "Ndevu zitangoja."

Wakaihamisha keki watu wanne, kwa pumzi zilizobanwa, mteja akitoa amri kuliko wote. Gari la kinyozi likakipanda kilima chote kwa mwendo wa kobe, na moshi wake kidogo nyuma, lakini likafika. Ua moja la krimu lilikuwa limeanguka. Mama Keki alikuwa na mfuko wake wa kupambia, akalitengeneza upya palepale ukumbini, huku wageni wa kwanza wakianza kuingia. Mama mwenye ukumbi aliizunguka keki, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nimeipenda. Ila nilikuwa nimeanza kuhema, mwenzangu. Wiki ijayo nina sherehe nyingine. Utaweza? Na utawahi?"

"Nitaweza, na nitawahi," Mama Keki akajibu, bila kujua kama bado ana gari.

Gari lilikokotwa kwa kamba mpaka gereji, ile ile ya kiapo. Mzee Tela alitembea nyuma yake kichwa chini. Fundi alilifungua kwa chini, oili ikaanza kutoka, nyeusi, ikijivuta bila haraka. Fundi akaitazama, akamtazama mzee, na kila mtu pale gereji akajua kinachokuja.

"Mzee wangu, hii ni oili au uji?"

Wakacheka. Mzee Tela aliona aibu, kisha akaona hana pa kwenda nayo, akacheka pia. Mama Keki peke yake hakucheka.

"Niambie imekufa au haijakufa," akasema.

Fundi akaacha utani. Alichomoa kijidude kimoja ubavuni mwa injini, chenye kichujio chembamba kuliko cha chai, akawaonyesha. Akawaeleza kwamba injini hizi za siku hizi zina njia ndogo sana za oili, na kuna vali ambazo oili yenyewe ndiyo inayozisukuma. Oili ikiwa nzito inachelewa kufika asubuhi, vyuma vinasagana vikavu. Halafu vali hizi zinakwama, na injini inakosa nguvu pale unapoihitaji.

Mama Keki alikipokea kile kijidude, akakigeuza geuza.

"Kumbe ni kama krimu ngumu kwenye ncha nyembamba ya kupambia," akasema. "Unakamua mpaka mkono unauma, haitoki. Ukilazimisha, mfuko unapasuka."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Huyu mfuko wake ulikuwa karibu kupasuka, ila haujapasuka. Vali hii nabadilisha. Injini naisafisha, naweka chujio jipya na oili yake. Wiki ijayo inapanda kilima. Mngeendelea kidogo tu, tungekuwa tunatafuta injini nyingine."

"Lakini ya kinyozi mbona inakubali?" Mzee Tela akauliza, na safari hii aliuliza kweli, hakuwa anabisha.

"Ya kinyozi ni mgonjwa, mzee. Ile oili inamsogezea siku. Wewe ulichukua dawa ya mgonjwa ukampa mzima."

Mama Keki alifumba macho, akatoa pumzi ndefu. Gari lake lilikuwa hai. Alimshukuru fundi mpaka fundi akaona haya, jambo lisilo la kawaida kwake.

Nyumbani, alimrudia mumewe kama alivyoahidi. Alimkalisha jikoni, mahali pa marufuku, akaketi mbele yake.

"Oili imeshamwagwa, hiyo sina kesi nayo," akasema. "Kilichonikaa hapa kooni ni ile salamu. Niliishukuru, unajua? Nilisema moyoni, fundi mtu mzuri, hanisahau. Kumbe naongea na ukuta."

Mzee Tela alipangusa kwa kiganja meza isiyo na vumbi.

"Walinicheka," akasema mwishowe. "Nimeendesha maisha yangu yote, nikachekwa mbele ya vijana. Na humu ndani kila kitu unakijua wewe. Nilitaka kibaki kimoja ambacho mimi ndiye ninayekijua."

"Si ungeniambia hivyo?"

"Ningekuambiaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Mama Keki aliinuka, akajifanya anatafuta kitu kabatini ili mumewe asimwone anafuta macho. Alimkasirikia, na alimwonea huruma, vyote pamoja, na hakuvificha sana. Kisha akamwambia kwamba hajamvua kazi ya udereva, ila kuna watu mtaani waliomwagiwa mahubiri yale, na wa kuwafuata hao ni yeye aliyewahubiria, si mkewe.

Mzee Tela alielewa. Alasiri ile ile alikwenda kwenye benchi la kinyozi. Palikuwa na watu wake wa kila siku: mshona nguo mwenye kigari chekundu, mwalimu aliyenunua gari lake la kwanza karibuni, kinyozi na mteja mwingine kitini. Hakukaa. Alisimama.

"Ile oili niliyowaambia, sikuwa najua nilichokuwa nasema," akaanza. "Nimeiua nusu gari ya mke wangu. Aliyeweka, aende akaimwage kabla haijamfika. Nitakwenda naye mwenyewe."

Mshona nguo akakohoa kidogo.

"Mimi, mzee, nilikuwa naitikia kwa heshima tu. Sikuweka."

Habari hiyo ilimfurahisha Mzee Tela na kumuuma kidogo kwa wakati mmoja. Lakini mwalimu alikuwa ameweka, na sasa alikuwa ameshika kichwa.

"Kila asubuhi inagonga," akasema. "Nilidhani ndiyo magari yanavyolia. Sasa, Daktari, niweke oili gani?"

Watu wote wakamgeukia. Jibu moja la haraka, na kiti chake cha heshima kingerudi palepale. Mzee Tela alivuta pumzi.

"Sijui," akasema. "Kweli, sijui. Fungua boneti usome kilichoandikwa kwenye kifuniko, halafu twende tukamuulize fundi."

Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea ili ahakikishe amesikia sawasawa. Tangu wamfahamu, mzee huyu hajawahi kulitamka neno lile. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, wakaondoka pamoja kwenda gereji, Mzee Tela akiwa kwenye kiti cha abiria.

FUNZO

Wapendwa wasomaji, oili nzito si dhambi. Kwa lori lililotengenezwa kwa ajili yake ni halali yake, na kwa injini iliyochoka fundi anaweza kuiagiza akijua anachofanya. Lakini gari zima la kila siku, la kupeleka watoto shule au keki harusini, lina oili yake. Waliolitengeneza wameiandika kwenye kifuniko na kwenye kitabu chake. Kulizidishia uzito ukidhani unalizidishia nguvu ni kulinyonga polepole kila asubuhi. Taa ikiwaka, usiifunike. Nenda ukaulize imewaka kwa nini.

Na wenye waume, wake, wazazi na watoto, tujifunze hili pia. Mzee Tela hakumchukia mkewe. Alimpenda, na upendo ule ule ndio uliotaka kumnyang'anya kazi yake, kwa sababu ulikuwa upendo unaojaza bila kuuliza. Tunawafanyia hivyo watu wetu mara ngapi? Tunawapa ushauri uliomfaa jirani, dawa iliyomponya shangazi, ukali uliotufaa sisi tulipokuwa vijana, kisha tunashangaa wanapoguna. Kila mmoja ana kipimo chake. Muulize kwanza.

Ukikosea, sema mapema, kabla hujafika kilimani na keki ya watu nyuma. Na wewe unayecheka wenzako wanapouliza au kubisha, cheka kwa kipimo, maana kicheko chako kinaweza kumfanya mtu asirudi tena kuuliza.

Mwisho kabisa, tusiogope kusema hatujui. Injini nyingi zimeuawa na watu wanaojua. Sijasikia hata moja iliyouawa na neno "sijui".